Mlinganishe na Yeye Mwenyewe

Sisi tunaoishi mashariki ya Mlima Kenya hatujawapa kisogo watoto wote wenye ulemavu. Ukifika Igoji utaikuta shule ya wasioona ya St. Lucy's. Ukifika Kaaga, nje kidogo ya mji wa Meru, utaikuta shule ya viziwi, na Embu nako iko St. Luke's, nayo ya viziwi. Shule hizi zimetoa watu, na kwa kuwaona watu hao jamii ilijifunza kwamba asiyeona anaweza kufundisha na asiyesikia anaweza kuendesha biashara yake. Usonji haujapata bahati hiyo. Mtu mwenye usonji hana fimbo nyeupe wala lugha ya ishara inayomtambulisha barabarani, na wengi wamezeeka vijijini mwetu wakiitwa wapole, wakaidi au wenye mambo yao, bila yeyote kuijua sababu. Leo sitaki kuishia kwenye usonji. Nataka tuutazame ugonjwa unaowajia watu hawa kimya kimya, sonona, ule ambao wengi wetu huuita msongo wa mawazo. Ninachodai ni hiki: sonona ya mtu mwenye usonji inatambulika, tena inatibika papa hapa Meru na Embu, ila tu tukiacha kumlinganisha na majirani na tukaanza kumlinganisha na yeye mwenyewe alivyokuwa miezi michache nyuma. Na anayekijua kipimo hicho si daktari. Ni wewe unayeishi naye.

Tutofautishe kwanza mambo mawili. Usonji ni namna ubongo ulivyojengeka tangu utotoni. Mwenye nao huwasiliana kwa njia yake, hushikilia ratiba na mambo anayoyapenda, na masikio, macho au ngozi yake huenda vikahisi kwa ukali ambao mimi na wewe hatuujui. Wengine hawasemi neno hata moja, wengine wana digrii ya chuo kikuu. Usonji si homa, hauji leo ukaondoka kesho. Sonona, kwa upande wake, ni ugonjwa wenye mwanzo. Kuna wakati haukuwapo, kisha ukaja. Swali la maana kuliko yote, basi, kwa mzazi, mwalimu au muuguzi, ni fupi sana: hali hii ilianza lini? Ukijibiwa "tangu alipoanza kutembea", pengine unauangalia usonji. Ukijibiwa "tangu ile likizo ya Agosti", huo si usonji, kwa kuwa usonji haukuanza Agosti. Kitu kingine kimeingia, na kazi yetu ni kukitafuta.

Ni watu wangapi tunaowazungumzia? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,545,714 katika kaunti ya Meru na 608,599 katika kaunti ya Embu. Ukigawa, unapata karibu watu 17,000 katika kaunti hizi mbili. Mwaka huo huo wa 2019 watafiti watatu wa Canada, Hudson, Hall na Harkness, walikusanya tafiti nyingi zilizokwisha kufanywa na kuzipima pamoja. Waligundua kwamba mtu mwenye usonji ana uwezekano mara nne zaidi wa kupata sonona maishani kuliko asiye na usonji, na kwamba wakati wowote ule takriban 12 kati ya 100 wanaugua. Uchambuzi mwingine wa mwaka huo, uliowaangalia watu wazima peke yao, ulipata 23 kati ya 100. Hata tukichukua hesabu ndogo, ni zaidi ya watu 2,000 kutoka Igembe hadi Mbeere. Haya ni makadirio, si majina yaliyoandikwa daftarini. Lakini jiulize ni wangapi kati yao waliowahi kufika kliniki ya akili katika hospitali ya rufaa ya Meru au ya Embu, wakaandikiwa kwenye kadi kwamba wana usonji na wana sonona pia.

Kuna atakayesema kwamba takwimu hizi ni za Wazungu, na kwamba sisi tuna ukoo, tuna shamba, tuna kanisa, hatuwezi kupimwa kwa upweke wa watu wa ghorofani. Pingamizi hili lina uzito, kwa sababu tafiti nyingi zimefanywa Ulaya na Marekani, na wengi waliohojiwa ni watu wanaoweza kusema na kuandika. Lakini kutohesabiwa si kutokuwapo. Mtafiti Victor Lotter alizuru taasisi za nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwamo, na mwaka 1978 akaandika kwamba watoto wenye usonji wapo, wakati ambapo wengi walidhani hali hii haipatikani huku. Leo Kilifi kuna wanasayansi wanaochunguza usonji kwa mamia ya watoto, nao hawajakosa wa kuwachunguza. Kuhusu ukoo, ni kweli unasaidia, pale unapomkubali mtu. Kwa mtu mwenye usonji, ukoo mkubwa unaweza kumaanisha harusi zenye vipaza sauti, wageni wasiokwisha, na wajomba wanaouliza kila Desemba kwa nini hataki kusalimia. Mtu anaweza kuwa mpweke katikati ya watu thelathini.

Kwa nini basi hatuuoni ugonjwa huu? Tumezoea kuitafuta sonona kwenye uso na kwenye maneno. Tunamtarajia mgonjwa alie, ainamishe kichwa, aseme kwamba maisha hayana maana. Mtu mwenye usonji huenda uso wake hauonyeshi huzuni hata siku anapoumia kabisa, na maneno nayo huenda yasije. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa 2019 ulionyesha kwamba karibu nusu ya watu wenye usonji wana ugumu mkubwa wa kuzitambua na kuzitaja hisia zao wenyewe, ilhali kwa watu wengine ni kama 5 tu kati ya 100. Sasa chukua hojaji inayotumika sana kupimia sonona, PHQ-9, yenye maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita. Imetafsiriwa kwa Kiswahili, imejaribiwa Eldoret na Kilifi, na ni chombo kizuri. Lakini muulize mtu huyu kama amejihisi mwenye huzuni au aliyekata tamaa, atakujibu hapana, kwa sababu hajui kama kile kinachomkaba kinaitwa huzuni. Kisha umuulize kuhusu usingizi, chakula, utulivu wa mwili na umakini, atajibu ndiyo, kwa kuwa mambo hayo yamemsumbua maisha yake yote. Chombo kimoja kinakosea mara mbili, kinamwambia mgonjwa kuwa yu mzima na kinamwambia mzima kuwa ni mgonjwa. Dawa yake si kuitupa hojaji. Ijazeni mara mbili mkiwa pamoja na anayemjua: mara ya kwanza alivyokuwa kabla, mara ya pili alivyo sasa. Tofauti kati ya karatasi hizo mbili ndiyo habari tunayoitafuta.

Nitaeleza tofauti hiyo inavyoonekana, kwa sababu hapa ndipo mzazi anapohitaji kutega sikio. Ishara iliyo wazi kuliko nyingine ni kupotea kwa kile alichokipenda. Tuseme ni kijana wa Nkubu anayejua namba za usajili za kila matatu inayopita barabara kuu ya Embu, na kwa miaka mingi amesimama pale jioni akizitaja. Ghafla haendi tena barabarani. Jirani atafurahi, atasema kijana ameanza kuwa mtu mzima, ameacha utoto. Mimi ningekuwa na wasiwasi. Au mapenzi yale hayakupotea ila yamegeuka rangi: msichana aliyechora wanyama sasa anachora makaburi peke yake. Ishara nyingine ni ustadi kurudi nyuma. Aliyekuwa akioga na kuvaa mwenyewe sasa hafanyi, aliyekuwa na maneno machache ameyapoteza. Nyingine ni ratiba kukaza: aliyependa kikombe chake cha bluu sasa hanywi kitu chochote kisipokuwa katika kikombe hicho, na kikikosekana ni vita. Nyingine ni hasira, kujigonga kichwa, kujiuma mikono, kukimbia nyumbani. Ongeza usingizi uliobadilika, chakula kilichobadilika, na mwili unaoburutwa. Moja peke yake kwa siku mbili si kitu. Kadhaa kwa pamoja, zikiendelea wiki mbili na zaidi, hizo ni ujumbe kutoka kwa mtu ambaye hana njia nyingine ya kuutuma.

Jibu tunalolisikia kila mahali, nyumbani, shuleni na hata ndani ya chumba cha daktari, ni kwamba "ndivyo alivyo". Jibu hili linafunga mlango kabla mtu hajabisha. Huko nyuma mwaka 1982 wanasaikolojia wa Marekani, Reiss, Levitan na Szyszko, walionyesha kwamba wataalamu wakishaambiwa mtu ana ulemavu wa akili, huacha kuuona ugonjwa mwingine wa akili hata ukiwa mbele ya macho yao. Lebo ya kwanza hulifunika jambo la pili. Sisemi kwamba anayetoa jibu hilo ni mtu mbaya. Mara nyingi ni mama aliyechoka, aliyezungushwa hospitali tatu, aliyekubali mwanawe alivyo kwa gharama kubwa ya moyo, na sasa tunamwomba akubali jambo la pili. Lakini kumkubali mtoto alivyo ni pamoja na kujua alivyo, na anayejua alivyo ndiye wa kwanza kugundua kwamba sivyo alivyo tena.

Tutazame sasa wakati ambapo mambo haya huharibika kwetu, kwa maana sonona haiangukii watu ovyo. Miaka ya kubalehe ni miongoni mwa migumu zaidi, na hapa kwetu miaka hiyo imebebeshwa mizigo miwili mikubwa kwa mpigo. Wa kwanza ni kutahiriwa. Mvulana hutolewa katika chumba chake na ratiba yake, hukaa faraghani kwa majuma, vijana wakubwa wakiingia na kutoka, kisha hutoka akiambiwa kwamba sasa ni mwanamume na asicheze tena na alivyovichezea. Sipingi mila hii. Nasema kwamba kwa kijana mwenye usonji, mlezi wake achaguliwe kwa makini, kijana mwenyewe aelezwe kila hatua mapema na waziwazi, siku baada ya siku, na asinyang'anywe kile kinachomtuliza kwa sababu tu kinafanana na utoto. Mzigo wa pili ni shule ya bweni. Kengele, bweni la vitanda vingi, taa zinazowashwa alfajiri, mlo wa aina moja, kelele za ukumbi wa chakula, na wanafunzi wanaomuiga anavyoongea. Kijana mwenye akili kali ya hesabu anaweza kuvumilia haya muhula mmoja au miwili kwa kujificha. Huiga wenzake, hucheka wanapocheka, hujilazimisha kuwatazama watu machoni. Wasichana hasa huwa hodari wa kujificha hivi, na ndiyo sababu wengi wao hawatambuliwi kabisa. Watafiti wa Uingereza, Sarah Cassidy na wenzake, mwaka 2018 walionyesha kwamba kujificha kwa namna hii kunaandamana na mawazo ya kujiua. Mwalimu anaona mtoto mtulivu, mwenye adhabu chache. Anachokiona ni gharama inayolipwa.

Kisha shule inakwisha, na hapo ndipo kimya huwa kirefu. Kulikuwa na ratiba, sasa hakuna. Wenzake wako vyuoni Chuka, Nchiru au Nairobi, wengine wana bodaboda, wengine wanavuna miraa, wengine wameoa. Yeye yuko nyumbani. Kama eneo ni la miraa au la muguka, mtu atampa, kwa kuwa kutafuna ni namna ya kukaa na watu bila kulazimika kuongea sana. Majani hayo huamsha mwili na kufukuza usingizi, na usingizi ukishavurugika kwa mtu ambaye tayari alilala kwa shida, moyo nao huporomoka. Sitalizungumza hili zaidi ya hapo. Ninachotaka uone ni kwamba sababu za sonona yake si fumbo. Ni zile zile ambazo zingekuangusha wewe: kutengwa, kudhihakiwa, kukosa kazi, kuchoka bila kupumzika. Tofauti ni kwamba yeye huzipata nyingi zaidi, na anazo njia chache za kusema.

Kabla ya kuitibu sonona, mwili uchunguzwe. Mtu asiyeweza kueleza maumivu ataonyesha maumivu kwa tabia. Jino lililooza, sikio linalouma, kufunga choo kwa siku nyingi, upungufu wa damu, vyote vinaweza kumfanya ajigonge na kukataa kula. Kifafa nacho ni cha kawaida kwa watu wenye usonji, na dawa ya fenobabitali, ambayo hutolewa sana katika zahanati zetu, yenyewe inaweza kuleta hasira na huzuni. Anayeitumia asiiache kwa ghafla, maana kifafa kitarudi kwa nguvu, bali amuulize daktari kama ipo nyingine. Ipo pia hali iitwayo katatonia, ambapo kijana huganda katikati ya kitendo, mkono ukabaki hewani, akakaa bila kula wala kusema. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, inatibika. Lisilofaa ni kumpa mtu dawa nzito za kutuliza ili nyumba inyamaze, bila yeyote kuuliza kelele zilikuwa za nini.

Tufike kwenye matibabu yenyewe. Hapa ndipo nasikia pingamizi linaloniuma, kwa sababu ni la haki: wataalamu wako wapi? Kenya ina madaktari wa akili wachache mno kwa watu zaidi ya milioni 50, na wengi wao wako Nairobi. Ukimsubiri daktari wa akili anayeujua usonji afike Laare au Siakago, utasubiri sana. Lakini katika miaka ishirini hivi iliyopita Afrika imethibitisha jambo ambalo nchi tajiri zenyewe zimeliiga: kuitibu sonona si lazima kuanze na daktari wa akili. Mwaka 2003 ilichapishwa ripoti ya utafiti wa vijiji 30 vya Masaka na Rakai, Uganda, ambako watu wa kawaida waliofunzwa waliendesha vikundi vya mazungumzo, na sonona ikapungua sana. Zimbabwe, Profesa Dixon Chibanda aliwafunza akina nyanya kukaa kwenye viti vya bustani nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye mawazo mazito, na matokeo yake yalichapishwa 2016. Hapa Kenya, wahudumu wa afya ya jamii jijini Nairobi walifundishwa mbinu fupi ya Shirika la Afya Duniani ya kukabiliana na matatizo, ikawasaidia wanawake, na ripoti yake ikatoka 2017. Shirika la Shamiri limewatumia vijana waliotoka tu sekondari kuwasaidia wanafunzi wenye sonona na wasiwasi. Karibu nasi, Makueni, Profesa David Ndetei na wenzake wamewafunza wauguzi na maafisa wa kliniki wa vituo vya kawaida kutambua na kutibu magonjwa ya akili.

Utaniambia kwamba tafiti hizo hazikuwahusu watu wenye usonji. Ni kweli, na hilo ni pengo ambalo vyuo vyetu vikuu vya Meru, Chuka na Embu vingeweza kulijaza. Lakini zipo juhudi nyingine za kuunganisha nazo. Uingereza, watu wazima 70 wenye usonji na sonona waliingizwa katika jaribio dogo la mwongozo wa kujisaidia, ulioandikwa kwa ajili yao na kuongozwa na mtu aliyefunzwa. Msingi wake ni kumrudisha mtu kwenye matendo, hatua ndogo ndogo, badala ya kumtaka achimbe hisia zake. Jaribio lilionyesha kwamba njia hiyo inawezekana na washiriki waliikubali. Mwongozo wa matibabu wa Uingereza wa mwaka 2012 kuhusu watu wazima wenye usonji unaeleza jinsi ya kuyabadilisha mazungumzo ya tiba: sema wazi, andika, tumia picha, mpumzishe katikati, ruhusu ndugu awepo, na yatumie yale anayoyapenda. Hakuna hata moja katika hayo linalohitaji mashine. Hapa kwetu ningeongeza sharti moja kwa washauri nasaha na wachungaji. Ushauri wetu umejaa methali na mafumbo. Mzee akimwambia kijana mwenye usonji kwamba haraka haraka haina baraka, kijana huenda akabaki anajiuliza ni haraka ya nani. Mwambie: kesho saa mbili asubuhi tutakwenda pamoja kuwapa ng'ombe majani, tutamaliza saa tatu, halafu utapumzika chumbani kwako. Liandike. Kesho ulitimize. Tiba yake ya kwanza iko hapo, siku yenye umbo, shughuli moja aliyokuwa akiipenda ikirudishwa kwa kipimo kidogo, na kelele zinazomchosha zikipunguzwa. Kama chanzo ni kudhihakiwa shuleni, dhihaka ikomeshwe kwanza. Kumfunza mtu kuvumilia mateso wakati mateso yanaendelea si kumtibu.

Dawa je? Zina nafasi. Fluoksetini imo katika orodha ya dawa muhimu na bei yake si ya kutisha. Ushahidi kwamba dawa za sonona huwasaidia hasa watu wenye usonji bado ni haba, na hazitibu usonji, kwa hiyo asiye na sonona asipewe ili "abadilike". Kwa aliyezidiwa, daktari au afisa wa kliniki aliyefunzwa anaweza kuijaribu, aanze na kipimo cha chini na kukipandisha polepole, kwani watu wengi wenye usonji husumbuliwa na madhara mapema. Majuma ya kwanza mtu awe karibu naye, hasa kijana, kwa sababu anaweza kuhangaika au mawazo mabaya yakazidi. Matokeo husubiriwa wiki nne hadi sita. Na hapa tena, atakayejua kama dawa inafanya kazi ni yule aliyeandika alivyokuwa. Hatasema "najisikia vizuri". Atarudi barabarani kuhesabu matatu.

Lipo swali la imani, nami nalijibu kwa heshima, kwa kuwa eneo hili lilipata hospitali zake nyingi kupitia makanisa: Wapresbiteri Chogoria, Wamethodisti Maua, Wakatoliki Nkubu. Utafiti uliofanywa pwani ya Kenya na Joseph Gona na wenzake, ukachapishwa 2015, ulikuta wazazi na hata wataalamu wakitaja mapepo, uchawi na laana kando ya sababu za kitabibu, na huku kwetu mawazo hayo hayako mbali. Maombi hayamdhuru mtu yeyote. Kinachodhuru ni mkesha wa vipaza sauti kwa mtu ambaye sauti inamuumiza kama kipigo, ni kumlazimisha kufunga bila chakula, na ni kumwambia mama kwamba mwanawe hajapona kwa sababu imani yake ni ndogo. Wamisionari waliojenga hospitali zile waliomba na wakapima damu pia. Mchungaji anayemwombea kijana kisha akampa mama nauli ya kufika Chogoria amefuata nyayo zao.

Limebaki jambo zito kuliko yote. Mwaka 2014 Cassidy na wenzake waliwauliza watu wazima 374 huko Uingereza, waliokuwa wametambuliwa kuwa na aina ya usonji iliyoitwa Asperger. 66 kati ya kila 100 walikuwa wamewahi kufikiria kujiua, na 35 kati ya 100 walikuwa wamepanga au kujaribu. Wengi huogopa kumuuliza mtu swali hili, wakidhani kulitaja ni kulipanda. Tafiti zimelichunguza jambo hilo na hazikuona kwamba kuuliza kunaongeza hatari. Kwa mtu mwenye usonji swali liwe la moja kwa moja, bila kupambwa: je, umefikiria kujiua? Ukimuuliza kama "anawaza mambo mabaya" huenda akafikiria habari za ajali aliyoisikia redioni. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa vitu vya hatari, mpeleke hospitali, na usiku wa manane unaweza kupiga simu ya bure ya Msalaba Mwekundu, 1199. Zamani familia zilificha, kwa kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Unayempeleka mwanao hospitali usiku ule hupaswi tena kuhofu kwamba unampeleka polisi.

Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa 2022 imezipa serikali za kaunti wajibu wa kuweka huduma za afya ya akili karibu na watu. Tangu Septemba 2023 nchi ina wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, kila mmoja akiwa na takriban nyumba 100 anazozitembelea. Huyo tayari anaingia uani, anawajua watoto kwa majina, anapima shinikizo la damu la nyanya. Kinachodaiwa kwa wakuu wa afya wa Meru na Embu ni kidogo: waongeze siku moja katika mafunzo yake kuhusu usonji na sonona, na karatasi moja katika mkoba wake. Iwe na safu mbili, alivyokuwa na alivyo sasa, na mistari ya usingizi, chakula, maneno, usafi, hasira, na kile anachokipenda. Mama aijaze leo mtoto akiwa mzima, na nakala yake ikae katika kadi ya zahanati, ili siku muuguzi mgeni atakapohamishiwa pale kutoka kaunti nyingine aikute.